Fito zisizoshika kutu ni poa, lakini zisiingie mjengoni kwa mlango wa nyuma

Ukitembea mitaa ya Mombasa iliyo karibu na bahari, inua macho uangalie roshani za ghorofa za zamani. Utaona michirizi ya hudhurungi ukutani, kama chai iliyomwagika ikakauka. Mahali pengine zege imebanduka na vyuma vinachungulia nje, vimekonda na kufanya magamba. Mwenye nyumba hupaka rangi kila baada ya miaka michache. Wapangaji huanika nguo kwenye roshani hiyohiyo. Chini yake kuna mama wa viazi karai na foleni ya wateja. Maisha yanaendelea.

Michirizi ile ni dalili kwamba jengo linaliwa kutoka ndani. Na wengi wanaolala humo ni vijana kama wewe: umepata kazi, ukatafuta keja unayoweza kulipia, ukahamia. Hakuna mpangaji anayemuuliza landilodi vyuma viko hali gani.

Ndiyo maana habari za fito zisizoshika kutu zinavutia. Huenda umekutana na video zake kwenye simu: kijana amebeba mzigo wa fito begani kama anayebeba miwa, anacheka, anasema chuma kimepitwa na wakati. Fito hizo zinaitwa FRP, yaani polima iliyoimarishwa kwa nyuzi. Zinawekwa ndani ya zege mahali pa vyuma. Na kweli, hazishiki kutu hata ukizilaza baharini.

Msimamo wetu ni huu: Kenya inazihitaji fito hizi, hasa Pwani, na tumechelewa kuanza. Lakini zikiingia mjengoni kwa maneno ya muuzaji badala ya hesabu ya mhandisi, tutakuwa tumebadilisha hatari moja kwa nyingine. Kutu huchukua miaka kuangusha slabu. Hesabu mbovu haina subira hiyo.

Kwa nini chuma huoza ndani ya zege

Tuanze na mambo ya msingi. Zege ni hodari ikigandamizwa, lakini ukiivuta ni dhaifu. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja kwa kumi ya uwezo wake wa kugandamizwa. Slabu inapobeba mzigo, upande wa chini huvutwa. Bila kitu cha kuushikilia, hupasuka. Ndipo chuma kinapoingia. Mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza mwaka 1867 ya vyungu vya maua vya saruji vilivyotiwa wavu wa chuma, na tangu hapo zege na chuma wameishi kama mke na mume.

Ndoa hiyo hudumu kwa sababu saruji ina alkali nyingi. Alkali hufanya utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo huzuia kutu. Adui wa utando huo ni chumvi. Upepo wa bahari huleta chumvi, maji ya bahari huleta chumvi, na mchanga wa ufuoni usiooshwa huingiza chumvi ndani ya zege siku ileile inayokorogwa. Hata mbali na bahari, hewa ya kaboni huingia polepole na kupunguza alkali, hivyo wa Nairobi na Nakuru pia wasijione wamepona.

Kutu ikianza, kazi imeharibika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili hadi hata mara sita. Inatafuta pa kwenda, haipati, inaipasua zege kutoka ndani. Ufa ukifunguka, maji na chumvi zaidi huingia. Kuanzia hapo ni mteremko.

Waulize watu wa Genoa, Italia. Daraja la Morandi lilifunguliwa mwaka 1967. Mnamo Agosti 14, 2018, sehemu yake ilianguka na kuua watu 43. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walielekeza kidole kwenye kutu ya nyaya za chuma zilizokuwa zimefichwa ndani ya zege, mahali ambapo jicho halifiki. Au waulize watu wa Montreal, Canada. Daraja lao la Champlain lilifunguliwa 1962, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji ikalila mpaka ikabidi lijengwe lingine, lililofunguliwa 2019. Hata miaka 60 halikufikisha.

Sisi hatuna theluji. Lakini tuna Bahari Hindi, na daraja la Nyali la 1980, la Kilifi la 1991, la Makupa la 2022, pamoja na bandari, hoteli na maelfu ya nyumba za kupangisha, zote zikivuta pumzi ya chumvi mchana na usiku.

Fito hizi ni nini hasa

Chukua nyuzi nyembamba za kioo, kaboni au mawe ya basalti. Zikusanye kwa maelfu, zivute kupitia ndani ya gundi ya resini, zipashwe moto zikauke. Unapata ufito mgumu. Wa kioo ndio unaotumika zaidi kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko wa kaboni.

Uzito wake ni kama robo ya chuma. Y12 ya kawaida ya mita 12 ina uzito wa karibu kilo 11. Ya kioo yenye unene huohuo ni karibu kilo tatu. Kijana wa mjengo anayepandisha vyuma ghorofa ya nne kwa bega anajua tofauti hiyo ina maana gani kwa mgongo wake. Fito za kioo pia hazipitishi umeme wala hazivutwi na sumaku, ndiyo maana hutumika kwenye vyumba vya mashine za MRI hospitalini na kwenye vituo vya umeme.

Wala hili si jaribio la jana. Daraja la Joffre, Sherbrooke, Canada, lilipojengwa upya mwaka 1997, sehemu ya sakafu yake ilitiwa wavu wa nyuzi za kaboni, pamoja na vipima vya kufuatilia mwenendo wake. Mwaka 2000, kanuni za madaraja za nchi hiyo zikapata sehemu nzima ya kuhusu nyuzi. Kisha Wacanada wakafanya jambo ambalo sisi hulisahau kila mara: walirudi kukagua. Walitoboa miundo mitano iliyotiwa fito za kioo na kutumika kwa miaka kati ya mitano na minane, wakatoa vipande vya zege, wakaangalia nyuzi kwa darubini. Hawakukuta zimeharibika.

Florida nako, daraja la Halls River liko karibu na bahari, na lilipojengwa upya miaka ya hivi karibuni liliwekwa FRP kuanzia nguzo za chini hadi sakafu. Jazan, Saudi Arabia, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, mfereji wa kuzuia mafuriko wa zaidi ya kilomita 20 ulijengwa kwa fito za kioo. Joto kali, chumvi tele, kama kwetu au hata kutushinda.

Kwa hivyo mtu asikuambie FRP ni uwongo wa mtandaoni. Inafanya kazi. Swali ni inafanya kazi wapi, na kwa masharti gani.

Mahali pa kuchezewa akili

Fikiria mazungumzo haya. Mama mmoja anajenga ploti ya vyumba kumi na viwili kwa pesa za chama na mkopo. Muuzaji anamfikia.

"Mama, hii ya milimita nane ya kioo ina nguvu sawa na Y12 ya chuma. Ni nyepesi, haina kutu, na utaokoa pesa."

Mama anamgeukia fundi. "Fundi, unaonaje?"

"Mama, ikiwa nguvu ni sawa, tubadilishe tu. Kazi ni ileile."

Hapo ndipo mchezo unapoharibika, na ubaya wake ni kwamba muuzaji hajadanganya kabisa. Y12 ya chuma huanza kunyooka moja kwa moja ikivutwa kwa tani karibu sita. Ufito wa kioo wa milimita nane unaweza kustahimili tani tano hivi kabla ya kukatika. Nambari zinakaribiana. Mtu akisimama hapo, anaona dili.

Lakini kuna nambari nyingine ambayo hakuitaja: chuma hukataa kuvutika mara nne hivi zaidi ya kioo, hata kama unene ni mmoja. Ukipunguza unene pia, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Hebu tufanye hesabu. Chukua Y12 ya mita nne, ning'iniza mzigo wa tani mbili, kama Probox mbili tupu. Itarefuka kwa milimita tatu na nusu hivi. Sasa ning'iniza mzigo uleule kwenye ufito wa kioo wa milimita nane. Utarefuka kwa milimita 31 hivi. Hiyo ni mara tisa.

Ndani ya slabu maana yake ni nini? Nyufa pana na sakafu inayobonyea katikati. Haijaanguka, lakini vigae vinapasuka, milango inakwama, maji ya bafu yanatafuta njia kwenda kwa jirani wa chini. Mama amekopa ili ajenge nyumba ya kuwaachia watoto, na mwaka wa pili wapangaji wanahama. Mhandisi anayejua kazi yake haanzi kwa kuuliza ufito utakatika lini. Anaanza kwa kuuliza slabu itabonyea kiasi gani, na mara nyingi jibu huwa ni kuongeza fito au kuongeza unene wa slabu. Ile akiba ya "nane badala ya kumi na mbili" huyeyuka palepale.

Kuna mambo mengine matatu ambayo muuzaji hupenda kuyaruka.

La kwanza, ufito wa kioo hauchoki hadharani. Chuma kikizidiwa hunyooka kwanza. Slabu inalalamika, nyufa zinafunguka, watu wanapata muda wa kutoka. Nyuzi hustahimili, zinastahimili, kisha zinakatika ghafla. Isitoshe, kioo kikibebeshwa mzigo mkubwa mfululizo kwa miaka huchoka na kinaweza kukatika, ndiyo maana wahandisi hawaruhusu mzigo wa kudumu upite sehemu ndogo tu ya nguvu zake, kama asilimia 20 hadi 30. Zile tani mbili katika mfano wetu, kama zingekuwa mzigo wa kila siku, tayari zimevuka mpaka.

La pili ni moto. Gundi ya resini huanza kulainika ikifika nyuzijoto mia moja na kitu. Chuma huhitaji joto la karibu nyuzijoto 550 hadi 600 kabla ya kupoteza kama nusu ya nguvu zake. Zege inayofunika ufito husaidia kuchelewesha joto, lakini fikiria ploti ambayo kila nyumba ina mtungi wa gesi, njia ni nyembamba na gari la zimamoto halijui litapitia wapi. Hata Wamarekani, ambao Taasisi yao ya Zege ilichapisha kanuni kamili za fito za kioo mwaka 2022, wamekuwa waangalifu: kanuni za kielelezo za ujenzi za 2024 zinaziruhusu pale tu ambapo jengo halina sharti la kustahimili moto.

La tatu ni kazi yenyewe. Fundi wa vyuma amezoea kukunja ringi pale mjengoni kwa bomba na misumari. Ufito wa FRP haukunjwi mjengoni. Ukijaribu kuukunja unaupasua, na ukiupasha moto unaharibu gundi. Ringi na kona zote lazima zitoke kiwandani zikiwa tayari, kwa vipimo vya mchoro, na hata hizo nguvu zake pale kwenye kona ni pungufu. Hukatwi kwa mkasi mkubwa wa vyuma. Unakatwa kwa diski, na vumbi lake la kioo halifai kuingia mapafuni. Glavu na barakoa ni lazima. Na kwa kuwa ni mwepesi kuliko zege, usipofungwa vizuri unaelea zege inapomwagwa na kutikiswa, ukaishia juu wakati ulipaswa kuwa chini. Hakuna atakayejua mpaka slabu ipasuke.

Tusidanganyane kuhusu kinachotuua

Kuna jambo jingine lazima lisemwe wazi. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tangu hapo tumesikia majina ya mitaa mingine, miji mingine. Majengo mengi yanayoanguka kwetu huanguka yakiwa machanga, mengine hata kabla ya rangi kukauka. Kutu haijapata muda wa kufanya lolote.

Yanayoyaangusha tunayajua: saruji iliyopunguzwa, vyuma vyembamba kuliko mchoro, ghorofa tatu zilizoongezwa juu ya msingi wa mbili, mkaguzi aliyekuja akaondoka na kitu mfukoni. Fito za nyuzi hazitibu hata moja kati ya hayo. Kwa kweli zinaweza kuyafanya mabaya zaidi, kwa sababu ukora wa chuma fundi mwenye uzoefu anaweza kuuona kwa macho na kuupima kwa tepu. Ufito mbovu wa kioo unafanana na mzuri. Gundi duni, nyuzi chache, yote yamefichwa ndani ya rangi inayong'aa. Bila kupimwa maabara, huwezi kujua.

Kwa hivyo mtu akitangaza kwamba FRP ndiyo dawa ya majengo kuanguka Kenya, muulize ni jengo gani lililoanguka kwa sababu ya kutu. Faida yake iko kwenye miundo itakayokaa miaka 50 na zaidi karibu na chumvi. Hiyo ni faida kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Somo la boriti

Wapwani wa zamani wanaweza kutufundisha hapa. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti haishiki kutu. Lakini boriti ina urefu wake, na mafundi waliuheshimu: vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu hapo ndipo boriti ingeweza kufika na kubeba. Hawakuchukua ramani ya nyumba nyingine wakachomeka boriti ndani yake. Waliiacha boriti iamue chumba kiwe na umbo gani.

Hivyo ndivyo kila kifaa kinavyotaka. FRP nayo ina ramani yake. Ukiuchukua mchoro wa chuma ukabadilisha jina la kifaa tu, umejenga nyumba ambayo hakuna mtu aliyeihesabu.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, liweke wazi kiwango ambacho ufito wa FRP lazima ufikie kabla ya kuuzwa Kenya, na kila shehena iwe na cheti cha maabara. Florida haikubali fito kutoka kiwanda ambacho idara yake ya uchukuzi haijakiidhinisha. Hatuhitaji kuvumbua gurudumu; tunahitaji kulifunga kwenye gari letu.

Pili, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iseme jambo moja kwa lugha ambayo kila fundi ataelewa: hakuna kubadilisha chuma kwa FRP bila mchoro mpya uliotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa. Kanuni zetu za ujenzi za 2024 zilichukua nafasi ya zile za 1968. Itakuwa aibu kanuni mpya zipitwe na biashara ya mtandaoni. Na wahandisi wetu hawana kisingizio, kwani toleo la 2023 la Eurocode 2 tayari lina kiambatisho cha kuhusu fito hizi.

Tatu, tuanze mahali faida ni kubwa na hatari ni ndogo. Kuta za kuzuia bahari. Mitaro ya maji ya mvua. Gati ndogo za wavuvi. Njia za miguu na sakafu zilizolala juu ya ardhi. Mradi wa kwanza uwe wa umma, Pwani, na matokeo yake yachapishwe. Kisha tufanye kama Wacanada: baada ya miaka mitano turudi, tutoboe, tuangalie. Nguzo na slabu za ploti za kupangisha zisubiri mpaka tuwe na jibu la moto.

Nne, na hili ndilo linalokuhusu zaidi, mafunzo yaanze sasa. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kukunja na kufunga vyuma viongeze FRP kwenye somo hilohilo: kuhifadhi mbali na jua, kukata, kufunga, kusoma mchoro, kukagua kabla ya kumwaga zege. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko karibu na bahari. Sioni mahali bora pa kuweka vipande vya majaribio na kuvipima mwaka baada ya mwaka. Vijana wanaomaliza uhandisi na kukaa nyumbani wakituma barua za kazi wangekuwa na kitu cha kupima ambacho hakijapimwa kwa chumvi yetu, kwa mchanga wetu, kwa saruji yetu.

Tano, tujiandae kwa taka. Chuma kikuukuu kina soko. Mtu atakiokota, kitayeyushwa, kitarudi dukani. Vipande vya FRP hakuna anayevinunua, na kuvitumia upya ni vigumu. Anayeviingiza nchini aseme mabaki yataenda wapi, la sivyo tunajua yataishia Dandora au Mwakirunge.

Na wewe je?

Ikiwa unafanya kazi ya mjengo, siku foromani atakapoleta fito za kioo, uliza mchoro wake uko wapi. Hilo si swali la kiburi. Ni wewe utakayekuwa chini ya ile slabu ikiondolewa mbao. Ikiwa unauza, uza kwa mita na kwa cheti. Ukiuza kwa maneno ya "nane ni sawa na kumi na mbili", unauza kitu ambacho hutaki mamako alale chini yake. Ikiwa wewe ndiye unayejenga, hata kama ni chumba kimoja ushago, linganisha bei ya kazi nzima iliyohesabiwa na mhandisi, si ya ufito mmoja, kisha uamue. Kule ushago mbali na bahari, chuma cha kawaida kilichofunikwa na zege nzuri bado kinaweza kukutosha, tena kwa bei rahisi.

Na ikiwa wewe ni mpangaji tu, kama wengi wetu, ile michirizi ya hudhurungi kwenye roshani isikupite tena. Piga picha, mwonyeshe landilodi, na asipojali peleka picha hiyo kwa kaunti. Fito mpya ni za majengo ya kesho. Roshani ya leo bado ina chuma, na chuma hicho kimeanza kusema.

Wahenga waliuliza kwa nini tugombee fito ilhali nyumba tunayojenga ni moja. Hatuna haja ya kugombana, wa chuma upande huu na wa nyuzi upande ule. Lakini wenye nyumba hiyo moja ni sisi. Tuna haki ya kujua kila ufito unaoingia ndani yake umetoka wapi, nani aliupima, na nani alitia sahihi.